Nani Ameokota Mpira

Mimi kuhukumu watu ndiyo kazi yangu, na sioni haya kulisema. Shule niliiachia darasa la tano. Nilianza na mkokoteni wa maji hapa hapa Garsen, nikisukuma madumu kutoka mtoni mpaka stendi, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi ambalo mgeni akiingia huuliza mlango wa kutokea uko wapi. Nina lori mbili. Nina ukumbi wa kuonyeshea mpira wenye feni zinazozunguka kweli. Hayo yote sikuyapata kwa kusoma vitabu, niliyapata kwa kusoma watu. Dereva namjua kwa namna anavyofunga mlango wa lori. Fundi namjua kwa anavyoshika misumari: anayeitia mdomoni ataimaliza kazi, anayeitia mfukoni atarudi kesho kuomba mingine.

Na kocha wa mpira nilikuwa nikimjua kwa mechi tatu. Zilinitosha. Nasema hivi kwa sababu mimi ndiye mwenyekiti wa timu yetu, timu ya wachezaji wa kulipwa, inayocheza ligi ya taifa iliyo chini ya ile kubwa. Tangu nikalie kiti hicho nimeajiri makocha na nimefukuza makocha, na hakuna mtu aliyewahi kunitazama machoni akaniambia nimekosea. Isipokuwa mmoja.

Jumatano hii kamati inakutana kumwamua kocha tuliye naye sasa, kijana aliyeichukua timu ikiwa taabani na bado iko taabani. Wajumbe wamegawanyika katikati, na kura ya mwisho ni yangu. Akifukuzwa, mechi zilizobaki ni chache na hakuna mwenye akili zake atakayekubali kuja kuzimalizia. Akibaki na tukashuka daraja, wadhamini wanaondoka, vijana waliotoka Mombasa na Kisumu wanapanda basi, na vijana wa hapa wanarudi kwenye bodaboda. Tena jina litakalotajwa ni langu, si la kamati. Sasa kila ninayekutana naye, kuanzia mama wa mahamri mpaka bwana wa maji, ana neno moja tu: "Mwenyekiti, kamuulize Mzee Kocha."

Hao hawajawahi kumuuliza Mzee Kocha kitu chochote. Mimi nimemuuliza miaka nenda miaka rudi. Ngojeni niwaambie ni mtu wa namna gani.

Kwanza, hatazami mpira. Mtu aliyekula jasho la mpira maisha yake yote, akija ukumbini kwangu anachagua kiti cha pembeni karibu na ukuta, anavua kofia, anaitundika gotini, anafumba macho. Ukumbi mzima unaruka, viti vinaanguka, yeye kimya. Na hajalala. Mzee Kocha akilala kweli hukoroma, na koromo lake si la siri: siku moja lilimtoa dereva wangu nje mbio akidhani kuna mtu anaiwasha lori. Wakati wa mechi hakoromi. Amefumba tu. Bao la timu inayoongoza ligi halimgusi. Lakini ile timu iliyo mkiani, yenye kocha mpya aliyeajiriwa juzi, ikifungwa tu, anafumbua macho na kurefusha shingo kama kobe. Halafu anauliza:

"Nani ameokota mpira?"

Vijana wa bodaboda walikuwa wanamngojea hapo. "Mzee, umelala mpaka watu wamechapwa, sasa unauliza mpira umeokotwa na nani? Si uulize nani amefunga!"

"Aliyefunga nitamwona kwenye marudio. Aliyeokota hawamrudii."

"Ameokota golikipa. Ulitaka aokote nani, refa?"

"Basi bado," anasema, na macho yanafungwa tena.

Maana ya "basi bado" niliitoa kwake kwa taabu, kipande kipande, kama mtu anayetoa mwiba wa mti wa mathenge kwenye tairi. Anasema timu inayozama, ikifungwa, kila mtu anageuka kumtafuta wa kumlaumu. Mpira unabaki wavuni kama takataka za jirani. Golikipa anauokota peke yake, anaupiga mbele kwa hasira, wengine wanatembea kurudi katikati wakiwa wamejishika viuno. Hapo kocha mpya anaweza kuwa anashinda, anaweza kuwa anafungwa, haijalishi, bado hajaingia ndani ya timu. Siku ambayo mtu mwingine, aliye mbali, asiyehusika na lile bao, anakimbia mwenyewe mpaka wavuni, anauchukua mpira na kuukimbiza katikati, siku hiyo kocha ameanza kazi.

"Kabla ya hapo," aliniambia, "mnahukumu upepo."

"Kwa hiyo tufungwe mangapi ndipo tujue?"

"Ya kutosha."

Ya kutosha! Niambie wewe, mtu mwenye duka na madeni ya watu ataendeshaje timu kwa hesabu ya namna hiyo.

Maisha yake yote ameitwa kwenye timu zinazokufa. Mombasa, Nairobi, Thika, Nakuru, timu ikishafukuza mtu wake katikati ya msimu, simu ya Mzee Kocha inalia. Nyingine alizitoa shimoni, nyingine zilishuka naye. Ukimuuliza ni zipi anakwambia hakumbuki, na huo ni uongo mtupu, maana anakumbuka jina la mpishi wa kila timu. Mimi hadithi zangu za ushindi nazitoa bila kuombwa, hamnijui? Yeye ukimwomba hadithi ya ushindi anakupa ya kufungwa, na anaicheka mwenyewe mpaka machozi.

Wanaomsifu kwa subira hawajamwona akinywa chai. Chai inaletwa inachemka, anaipiga funda hapo hapo, inamuunguza, halafu anailaumu chai. Shambani kwake Golbanti, kando ya mto, vibarua wanamjua. Alimfukuza mtu mmoja kabla jembe halijagusa udongo. Mimi nilikuwepo, nikaona leo nimemkamata.

"Mzee Kocha, kwenye televisheni unatuambia tungoje. Huyu hukumpa hata tuta moja!"

"Huyu sikumpa shamba bovu. Nimempa shamba zuri, na jembe zuri, na uji ameshakunywa. Ukimkabidhi mtu kitu kizima, mhukumu asubuhi ile ile. Ukimkabidhi kibovu, ujue kwanza kilioza kwa nani."



Makocha waliomtangulia kwenye timu zake hakuwahi kuwasema vibaya, hata mmoja. Kwa wenyeviti, ulimi ulifunguka. "Nimefanya kazi na wenyeviti wengi," alikuwa anasema, "na wote wanajua mpira, isipokuwa ule unaochezwa." Aliyasema haya akiwa amekalia kiti changu, feni yangu ikimpepea. Nilipomtazama kwa jicho la kuudhika akaniongezea: "Wewe una nafuu. Wewe hujui na unapiga kelele. Wengine hawajui na wananong'ona."

Sasa hebu msikie alivyotuokoa, halafu mseme kama ningeweza kumpenda.

Misimu miwili nyuma tulikuwa tunazama. Kocha wetu wa wakati huo alikuwa mtu wa Malindi, nikamfukuza, na nikaendesha gari mwenyewe mpaka Golbanti. Mafuriko yalikuwa yametoka shambani siku si nyingi. Nilimkuta Mzee Kocha ndani ya tope mpaka magotini, akipanda mahindi. Nikamweleza kila kitu: nafasi yetu, mechi zilizobaki, nyumba nitakayompa, na mimi ni nani kama amesahau. Alinisikiliza akiendelea kupanda. Mwisho akauliza:

"Wanakula wapi?"

"Nani?"

"Wachezaji wako."

Nikamwambia wanalipwa, wanakula wanapotaka.

"Mwenyekiti hajui timu yake inakula wapi," akaliambia shimo la mahindi. Lakini alikuja.

Alichokigundua ni kwamba vijana wa kutoka mbali walikuwa wanakula kuku na chipsi hotelini, na wa hapa wanakula makwao, na hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akitafuna. Akapiga marufuku. Sinia moja, chini, kando ya goli: sima na samaki wa mtoni. Nahodha wetu, beki mrefu wa kutoka Kisumu, alinijia dukani amefura. "Bosi, huyu mzee anatulisha kama watu wa harusi. Nimekuja kucheza mpira mimi, sikuja kulishana." Nikaingia garini, nikaenda uwanjani kukomesha mambo. Nilifika wameshakaa. Mzee Kocha hakunisalimia. Alisogea kidogo, akanionyesha nafasi.

"Osha mikono, Mwenyekiti."

Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Nikaosha. Nikala. Samaki alikuwa mtamu, hilo silikatai.

Tukashinda mechi tatu mfululizo. Garsen ilipasuka. Bodaboda zilizunguka mji zikipiga honi mpaka mbuzi wa watu wakakimbia. Nilichinja mbuzi mnono, nikasimama mbele ya watu, nikawaambia ukweli: kwamba huyu mtu nilimjua kwa kumtazama mara moja tu akiwa ndani ya tope, na kwamba jicho langu halinunuliwi. Nyama ikaletwa. Mzee Kocha akachukua kisu, akakata mguu mzima wa nyuma, akaufunga kwenye gazeti, akautia ndani ya kapu.

"Hii ni ya yule wa Malindi."

"Wa Malindi yupi?"

"Uliyemfukuza."

"Huyo si ndiye aliyetupoteza!"

"Hizi mechi tatu zimechezwa na miguu aliyoikimbiza yeye. Mimi hata majina yao sijayashika. Haya ni mavuno ya tope, Mwenyekiti. Usiyatungie hotuba."

Ikabidi anieleze mbele ya watu wote, huku nyama inapoa. Maji yakishuka, mto unaacha tope jeusi, na hata mvivu akitupa mbegu zake mahindi yanainuka mpaka yanatisha. Mpita njia anasema, "Huyu ni mkulima." Mwenye shamba anajua ni tope. Ubingwa wa mkulima utauona msimu wa mbele, tope likishaliwa. Na nyumbani kwao, ukiachiwa shamba ambalo mwenzako alishalitayarisha, mavuno ya kwanza unampelekea yule mwenzako kapu lake kabla ninyi hamjaweka sufuria motoni. Hata kama mligombana. Hata kama alifukuzwa. Ndivyo walivyolelewa, na yeye akaona afadhali desturi hiyo aihamishie kwenye mpira wangu na mbuzi wangu.

Mguu ukapanda basi la Malindi. Kondakta akanipigia simu, kwa sababu kwa kila kitu mji huu hunipigia simu mimi: "Bosi, kuna mguu wako hapa unatoa mafuta kwenye kiti cha abiria. Niuteremshe kwa nani?" Nikaona aibu kulitaja jina la mtu niliyemfukuza mwenyewe. Nikalitaja.

Haukupita muda, tukaanza kufungwa. Tukafungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukafungwa na timu ambayo ilikuwa imetusihi tuahirishe kwa sababu haina wachezaji wa kutosha. Mji uliokuwa unapiga honi ukaanza kupiga miluzi. Na Mzee Kocha, ambaye wakati wa ushindi alikuwa na uso wa mtu mwenye jino bovu, sasa akawa anatembea mjini anasalimia watoto.

"Sasa hizi ni zangu," aliniambia. "Hizi naweza kuzirekebisha."

Katibu wetu ni mkuu wa shule mstaafu, mtu wa kunisahihisha Kiswahili changu mbele ya wajumbe. Alinifuata dukani. "Mheshimiwa Mwenyekiti, ule utaratibu wako wa mechi tatu umepitwa na wakati au vipi?"

"Najua kuhesabu, Katibu."

"Basi nenda ukamwambie."

Nikaenda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na maneno yalikuwa mazuri. Nilipofika mazoezini nikakuta jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Mzee Kocha amesimama mbele ya goli tupu, hakuna golikipa. Anaupiga mpira wavuni mwenyewe, taratibu, kama mtu anayetupa ganda la ndizi. Mpira ukiingia, timu nzima, waliosambaa uwanjani kote, wanakimbia kuufuata. Wa kwanza kuufikia anaurudisha katikati mbio. Halafu tena. Halafu tena. Jua lile la Garsen mnalijua. Nahodha wa Kisumu alikuwa anatembea nyuma ya wote, mikono kiunoni.

"Mzee Kocha! Unawafundisha kufungwa?"

"Kufungwa wanajua. Nawafundisha kinachofuata."

Maneno yangu yote mazuri yakapotea. Sikukubaliana naye, msinisome vibaya. Hasira ilinibana tu, na jua, nikageuza gari. Katibu alikuwa ananingoja mlangoni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema nikaoshe mikono."

Siku ya mwisho ya msimu tulihitaji sare, nyumbani kwetu. Tukafungwa mapema. Uwanja ukanyamaza, nikasikia mpaka mbuzi upande wa pili wa uzio. Sasa yule nahodha, yule yule wa mikono kiunoni, ambaye msimu wote hakuwa ameinama kuokota hata kiatu chake, nikamwona anatoka katikati ya uwanja mbio, anapita watu, anaingia wavuni, anautoa mpira kama mtu anayemtoa mtoto kwenye moto. Wenzake wakamfuata. Tukasawazisha dakika za mwisho kabisa, tukabaki. Nilirusha kofia na sikuipata tena mpaka leo.

Kesho yake asubuhi Mzee Kocha alikuja dukani. Nilikuwa nimeshamwandalia mkataba, na nyumba yenye tangi la maji. Akaweka filimbi juu ya kaunta.

"Mimi hapa nimemaliza. Timu inasimama. Sasa tafuta mtu wa kupanda."

"Unaniacha nikiwa nakutaka?"

"Ningekuacha lini, ukiwa hunitaki? Hapo ungenifukuza."

Akanunua misumari akaenda zake. Sikumpunguzia hata senti. Mpaka leo nikilikumbuka lile tangi la maji damu inachemka.

Aliyemfuata alikuta tope limejaa shamba zima. Alishinda, alishinda, watu wakabandika picha yake kwenye bodaboda. Sikumwona akituma hata mfupa Golbanti. Timu kubwa ikamchukua, tope likaisha, tukaanza kuzama, na katika kuzama huko ndipo akaja kijana wa sasa. Akashinda mechi zake za mwanzo, halafu akaanza kufungwa. Hadithi mnaijua.

Wiki iliyopita nikaenda Golbanti. Mzee Kocha hatoki sana siku hizi, mguu mmoja umevimba na hautaki kusikia dawa. Nilimkuta kwenye mlango wa jikoni anapukuchua mahindi, mkewe anapepeta. Nikakaa juu ya gunia na suruali yangu nzuri.

"Mzee Kocha, nataka jibu moja. Huyu kijana abaki au aende?"

Mkewe ndiye aliyejibu, na hakuwa amenisikia vizuri. "Huyo kijana wenu ana moyo. Zile mechi za kwanza mlizoshinda, alichinja mbuzi, mguu mmoja akampelekea yule aliyemtangulia, na wa pili akatuletea sisi, na pikipiki, jua kali. Nafikiri yeye mwenyewe alibaki na kichwa. Kapu lake lile pale, hajalirudia."

Kapu lilikuwa limetundikwa ukutani. Nikasimama. "Nani alimfundisha hayo?"

"Atakuwa amewauliza wachezaji," alisema Mzee Kocha.

"Basi ni kocha mzuri! Si umejibu? Nikawaambie Jumatano?"

"Ni kijana mwenye adabu. Wenye adabu wameshusha timu nyingi tu."

"Kwa hiyo ni mbaya."

"Nimesema hivyo?"

"Mzee Kocha, mimi nina kura Jumatano!"

"Wewe una kura. Mimi nina mahindi." Akapukuchua gunzi zima bila kuniangalia. Kisha akaniuliza, sauti ya chini, kama daktari anayeuliza kama umekula: "Jumapili mlipofungwa, nani aliokota mpira?"

Bao lile lilipoingia nilikuwa nimempa mgongo uwanja, nikimwonyesha Katibu kidole na kumpigia kelele, na Katibu ananirudishia.

"Sikuona."

Mzee Kocha akaliweka gunzi chini. "Umeendesha gari kutoka Garsen mpaka hapa, kuja kumuuliza mtu ambaye hakuwepo kitu ambacho wewe uliyekuwepo hukukitazama." Akamgeukia mkewe. "Mama, mpe mgeni chai. Mwenyekiti amechoka."

Nilikunywa chai yake na ilikuwa inachemka, ikaniunguza. Nikailaumu chai.

Jumapili iliyofuata, yaani juzi, tulicheza nyumbani. Sikukaa kwenye hema la wageni. Simu nilimwachia dereva. Nilisimama peke yangu kwenye kona, jua linanipiga kisogoni, mtu mwenye lori mbili, nikingoja timu yangu mwenyewe ifungwe. Mke wangu akisikia atadhani nimerogwa.

Tukafungwa kabla ya mapumziko. Nikatazama. Golikipa amelala chini. Mabeki wawili wananyoosheana vidole. Mpira umekaa wavuni, hakuna mwenye habari nao. Basi bado, nikasema. Basi aende.

Halafu nikaona vumbi. Kutoka upande wa pili kabisa alikuwa anakuja winga wa kushoto, mtoto wa huku kwetu Kinakomba ambaye kocha mpya alimtoa benchi juzi juzi, anakimbia kama anafukuzwa. Na kutoka katikati nahodha wetu wa Kisumu. Wakafika wavuni pamoja. Wakaushika mpira wote wawili, wakavutana, kweli kabisa, wakavutana kama watoto, mpaka nahodha akacheka, akaachia, akampiga yule winga kofi la kichwa la mapenzi, wakakimbia wote kurudi. Na wale mabeki waliokuwa wananyoosheana vidole wakaona aibu, wakakimbia nao.

Tulifungwa moja bila. Watu walitoka wakitukana. Katibu akanifikia kwenye kona anatweta.

"Mwenyekiti, sasa umeona mwenyewe."

"Nimeona."

"Basi Jumatano tunamaliza."

"Jumatano tutasema, Katibu."

Nikamwacha amesimama, kwa sababu nyuma ya goli lile lile, juu ya kreti ya soda, nilikuwa nimeona kofia juu ya goti. Mguu uliovimba ameunyoosha mbele, macho amefumba. Alikuja kwa bodaboda kutoka Golbanti, hakumwambia mtu. Nikamkimbilia, na kitambi hiki.

"Mzee Kocha! Umewaona?"

Akafumbua jicho moja. "Nani?"

"Walioenda kuokota! Wawili! Wameugombania!"

"Mimi nilikuwa nimelala."

"Umelala? Mpira umeingia hapa, mbele ya pua yako!"

"Uzee, Mwenyekiti. Usingizi hauchagui mahali."

"Hukuwa unakoroma!"

Akaivaa kofia yake polepole, akaiweka sawa kwa vidole viwili. "Wewe umeona?"

"Nimeona."

"Kwa macho yako, si kwa kuambiwa?"

"Kwa macho yangu."

"Basi mimi unanitakia nini?" Akanishika bega ili ainuke, na alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. "Nipeleke nyumbani. Huyo wa bodaboda anaendesha kama mwenyekiti."

Katibu amepiga simu tangu jana, anataka kujua Jumatano nitainua mkono upande gani. Sijampokea. Atauona mkono wangu huko huko, upande wa kijana kubaki, na ataona pia siushushi mpaka msimu uishe, tukibaki au tukishuka. Nikiishusha timu, watu na waseme walichonacho. Wao walikuwa wanatukana, hawakuwa wanatazama.

Jumapili ile nilimpandisha Mzee Kocha kiti cha mbele, nikamfunga mkanda mwenyewe kwa sababu alikuwa anaugombeza. Nikamwambia njiani tutasimama kwa muuza nyama, nimpelekee mkewe kitu. Nilitaka pia kumuuliza jambo moja la mwisho, nikageuka. Alikuwa ameegemea kioo, mdomo wazi, anakoroma kama lori yangu kubwa ikipanda mlima na saruji. Huo sasa ndio ulikuwa usingizi.